Bili ya Wimbo Huu Inalipwa na Nani?

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo tunaongea muziki, na najua wengine wenu mtapunguza sauti kidogo tu, kuzima hamtazima. Sawa, hiyo kidogo inatosha.

Nimeletewa barua kutoka Kithyoko, pale kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, ukishapita Matuu na kabla hujafika Mwingi. Aliyeandika ni binti wa kidato cha tatu. Kaka yake ana miaka kumi na tisa, amemaliza shule mwaka jana, na sasa anaendesha pikipiki ya mtu kwa makubaliano ya kupeleka hesabu kila jioni. Pikipiki imefungwa spika chini ya kiti, na kutwa nzima nyimbo ni zile zile: pesa, magari, chupa, moshi, wasichana. Kijana amejipa jina la kisanii na anarekodi mistari yake kwa simu usiku. Hapo hakuna neno. Lakini hesabu imeanza kupelea, macho yameanza kuwa mekundu, na juzi mbuzi mmoja wa mama ameuzwa siku ya soko bila mama kuambiwa. Mama ameapa kuipasua ile spika kwa jembe. Anasema nyimbo ndizo zilizomharibia mtoto. Binti anauliza: "Dada, nimuunge mkono mama au nimtetee kaka? Na mimi nazipenda hizo nyimbo."

Mwiitu wa mwaitu, yaani dada yangu, spika iachwe ilivyo. Ikipasuliwa leo, kesho atanunua nyingine, na sitaki kukisia pesa zitatoka kwa mbuzi yupi. Na ukweli ni kwamba mama yenu amekasirikia kitu kinachosikika kwa sababu kile kinachomuumiza hakipigi kelele. Wewe nyimbo hizo zisikilize tu. Ila kuanzia leo, kila wimbo wa starehe ukipigwa, muulize kaka yako swali moja, kwa utani kama unavyomjua: bili ya huu wimbo inalipwa na nani?

Nieleze ninachomaanisha. Rapa ni mtu anayevaa mhusika, kama bwana harusi aliyekodi suti: inampendeza, picha zinatoka vizuri, na Jumatatu inarudishwa dukani. Mwenye suti analijua hilo. Shida ni mtazamaji wa Kithyoko anayedhani suti ile ni ngozi.

Chukua Rick Ross wa Marekani. Huyu amejenga jina zima kwa kujisifu kuwa mfanyabiashara mkubwa wa kokeni. Hata jina lenyewe aliliazima kwa mlanguzi wa kweli wa California, ambaye baadaye alimpeleka mahakamani kwa sababu hiyo. Basi mwaka 2008 zikatolewa hadharani karatasi zinazoonyesha kwamba rapa huyu, kwa jina la nyumbani William Roberts, aliwahi kuajiriwa katikati ya miaka ya 1990 kama askari wa gereza huko Florida. Ndiyo, yule wa kufunga mlango wa seli. Kwanza alikana, baadaye akakubali. Na mashabiki hawakumkimbia, albamu ziliendelea kuuzwa. Mimi simlaumu kwa kazi ya gereza, ni kazi halali yenye mshahara. Nakuonyesha tu kwamba mtu anaweza kuimba maisha ambayo hakuyaishi, akalipwa vizuri, akaenda kulala nyumbani kwake salama. Anayejaribu kuyaishi kweli ni kijana mwenye spika chini ya kiti.

Kisa cha pili hakichekeshi. Kuna kinywaji wanachokiita "lean", sirapu ya kikohozi yenye kodeini iliyochanganywa na soda. Kodeini ni dawa ya jamii moja na mofini: inatuliza maumivu, lakini ukizidisha, kupumua kunapungua mpaka kunakoma. Rapa Future wa Atlanta ameisifu sirapu hiyo katika nyimbo nyingi. Kijana mmoja wa Chicago, Juice WRLD, alikua akimsikiliza, na alipokuwa staa mwenyewe alimwambia Future ana kwa ana kwamba nyimbo zake ndizo zilizomfanya aonje ile sirapu akiwa bado mtoto wa shule. Mwezi wa kumi mwaka 2018 wakatoa kazi ya pamoja, na jina la kazi hiyo lilihusu dunia iliyolewa dawa. Januari 2019, Future akaeleza katika mahojiano kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kunywa, ila hakutaka kutangaza, akiogopa mashabiki waseme muziki wake umebadilika.

Rudia hapo, mdogo wangu. Mwalimu alikuwa ameshatoka darasani, kimya kimya, na wanafunzi wameachwa ndani wakiendelea na somo.

Tarehe 8 Desemba 2019 Juice WRLD alizidiwa katika uwanja wa ndege wa Midway, Chicago, akafa. Wiki ile ile alikuwa ametimiza miaka 21. Wachunguzi wa vifo walikuta ni sumu ya oksikodoni na kodeini. Future angali hai, na simtakii lolote baya. Lakini ukiniuliza bili ya zile nyimbo ililipwa na nani, jibu lina jina na tarehe.

Msiseme hayo ni ya Wamarekani. Hapa jirani Tanzania yuko Chid Benz, kijana wa Ilala, mmoja wa marapa waliokuwa na sauti nzito kuliko wote kwenye Bongo Fleva. Oktoba 2014 alikamatwa na dawa za kulevya katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere akielekea Mbeya kwenye shoo. Mahakama ikamtoza faini. Mapema mwaka 2016 picha zake zilisambaa, amekonda mpaka mashabiki wake wakawa hawamtambui, na wenzake katika muziki wakamchukua kumpeleka kwenye nyumba ya kurekebisha waraibu huko Bagamoyo. Hizo picha zilitazamwa na watu wengi, lakini sikumbuki kijana aliyejipa jina la kisanii kwa sababu ya picha zile.

Sasa tuje kwenye utajiri wenyewe, maana nadhani hapo ndipo kaka yako ameshikwa zaidi kuliko kwenye moshi. Mtoto wa huko kwenu Masinga aliyezoea mvua ya kukosakosa na ndengu zinazokauka kabla ya kuvunwa, akiona video ya kijana wa rika lake amekaa juu ya gari jeupe akirusha noti, moyo unamwambia huyu ametoboa. Usione vyaelea, wadogo zangu. Lile gari mara nyingi ni la kukodi kwa saa, na nyumba yenye bwawa la kuogelea inakodishwa kwa siku. Noti zinaokotwa baada ya kamera kuzimwa, zikahesabiwa moja moja. Mwaka 2019 chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki Kenya, MCSK, kiligawa fedha kwa wanachama wake na kila mmoja akapata shilingi 2,530. Elfu mbili, mia tano na thelathini. Wasanii wakubwa wakapiga kelele, wengine wakaonyesha ujumbe wenyewe kwenye simu zao. Wapo wanaopata zaidi kwa njia nyingine: shoo, matangazo, milio ya Skiza, kutazamwa mitandaoni. Lakini mwaka ule ule wa 2019 ndio muziki wa Gengetone ulikuwa umeishika nchi, baada ya kundi la Ethic kutoka na "Lamba Lolo" mwaka 2018 na Sailors na "Wamlambez". Kila matatu ilikuwa inalia sherehe. Huko kwenye karatasi za malipo kulikuwa na 2,530.

Na ujue nani anayefaidi wimbo wa chupa. Mwenye baa anafaidi. Kampuni ya pombe inafaidi, na jina la chupa likitajwa kwenye kibwagizo, hilo ni tangazo linaloimbwa na watoto wa darasa la tano. Kampuni za kamari nazo zimejua njia hiyo hiyo. Nashuku, na hii ni shaka yangu tu, kwamba yule mbuzi wa mama hakuingia kwenye bangi. Aliingia kwenye simu, kwenye ile kamari ya ndege inayopaa na kuanguka. Muulize kwa upole. Kijana anayepoteza hesabu ya siku kwenye kamari huanza kuvuta ili asahau, na huvuta zaidi kesho yake kwa sababu hesabu imepelea mara mbili.

Kuna kijana mwingine ameniandikia, yeye hakusema anatoka wapi, na nimempenda kwa ukweli wake. Anasema: "Dada, mnasingizia nyimbo. Mimi nilianza kuvuta kwa sababu ya njaa na marafiki, sikuwa hata na simu." Namjibu hapa hapa kwa sababu jibu lake ni la binti wa Kithyoko pia. Una haki. Wimbo haumwekei mtu msokoto mkononi. Anayemwekea ni rafiki, pale kwenye steji, wakati wateja hawapo na jua la saa nane linachoma. Lakini wimbo unafanya kazi nyingine: unafanya jambo lionekane la kawaida hata kabla halijafika. Watafiti wa Marekani walizipitia nyimbo 279 zilizopendwa sana mwaka 2005, wakakuta kwamba katika nyimbo za rap, asilimia 77 zilitaja pombe, sigara au dawa. Sasa mtoto aliyesikia hivyo kwa miaka mitano, siku rafiki akimnyooshea mkono hashtuki. Anaona amechelewa.

Na mikono imekuwa mingi. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia bangi, watu zaidi ya laki tano, na kiwango hicho kilikuwa kimekaribia kuongezeka maradufu katika miaka mitano. Ongeza muguka, yale majani ya kutafuna, ambao kwa watu wa Masinga hautoki mbali: unalimwa Mbeere, ng'ambo ya bwawa la Masinga. Ni halali, ni bei rahisi, unauzwa kando ya duka la unga. Mwezi wa tano mwaka 2024 gavana wa Mombasa aliupiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, wakulima wa Embu wakaja juu, na mahakama ikasimamisha marufuku. Kwa hiyo usitegemee gavana yeyote akuondolee muguka kwenye steji. Piga hesabu tu mwenyewe: kijana anayetafuna na kuvuta vya shilingi mia mbili kwa siku, kwa mwaka ametoa shilingi 73,000. Hiyo ni sehemu nzuri ya bei ya pikipiki ambayo leo anaiendesha kwa niaba ya mtu mwingine.

Nageuka kidogo kwa wazazi, mnaojifanya hamsomi kona hii. Mama, baba, shikamooni. Mnalalamika rap inasifu pombe, pesa na wanawake. Ile benga ya Kikamba mnayocheza harusini mpaka vumbi linapanda, inasifu nini? Wimbo wa Ken wa Maria, "Fundamentals", ulipotoka, ni nani hakuucheza? Na wale matajiri wanaotajwa majina katikati ya gitaa, mlidhani wanatajwa bure? Starehe na sifa za wenye pesa hazikuja Ukambani na watoto hawa. Sisemi benga izimwe, Mungu apishe mbali, nani atacheza Desemba? Nasema ukimkemea mtoto kwa wimbo huku wewe umeshika chupa ya Jumamosi, anachosikia ni kwamba kosa lake ni midundo.

Na pia, binti wa Kithyoko, rap haikuanza hivi. Kalamashaka walipotoka Dandora miaka ya 1990 waliimba shida za mtaa kwa Kiswahili na nchi nzima ikageuka kusikiliza. King Kaka alipotoa "Wajinga Nyinyi" Desemba 2019 alizungumzia ufisadi na jinsi sisi wenyewe tunavyouchekelea. Hata Wakadinali, ambao mama yako akiwasikia atashika jembe, katikati ya vitisho na moshi wanasimulia polisi, vifo vya vijana na njaa ya Eastlands. Kaka yako huenda anasikia hayo na wewe unasikia moshi tu. Muulize mstari anaoupenda zaidi ni upi na kwa nini. Utashangaa. Mara nyingi kijana anayependa wimbo wa pesa hapendi pesa zile, anapenda yule anayeimba kwamba zamani alidharauliwa.

Neno kwa nyinyi wasichana, fupi lakini kali. Novemba 2019 wale wale Ethic walitoa wimbo uitwao "Tarimbo", uliochezea ukatili dhidi ya wanawake kana kwamba ni mzaha. Watu walikasirika, bodi ya filamu ikaingilia, wimbo ukaondolewa YouTube, na kundi likaomba radhi. Nakumbusha hilo kwa sababu wapo mnaoniambia "ni wimbo tu, Dada". Ule haukuwa wimbo tu, na waliokasirika mapema ndio waliofanya uondolewe. Katika nyimbo hizi msichana yuko mahali pamoja na gari na chupa, orodha moja. Ukiupenda mdundo cheza, lakini kijana akianza kuzungumza nawe kwa lugha ya ile orodha, mwache na spika yake.

Sasa binti wa Kithyoko, tufanye kazi. Usizungumze naye steji mbele ya wenzake. Hapo atajibu kwa ajili yao. Usimvizie akiwa amelewa au amevuta. Mngoje asubuhi kabla hajawasha pikipiki, au Jumapili mchana. Usianze na nyimbo wala na bangi, anza na mbuzi, kwa sababu mbuzi ni jambo lililotokea na hawezi kulibishia. Mwambie: mama ameumia, hesabu inapelea, nakuona hulali, ni nini? Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kwetu dada wakubwa, najua.

Akikubali kwamba anatumia, usimwapishe. Akiacha bangi au muguka, siku za kwanza atakuwa mkali, usingizi utakataa, chakula hakitapita vizuri. Hayo hupungua baada ya siku kadhaa, kwa wengine wiki mbili. Mkimtukana wakati huo atarudi. Lakini akianza kusikia sauti ambazo hamzisikii, au kuwashuku watu wote kwamba wanamfuata, hiyo si tabia mbaya wala si kurogwa: bangi inaweza kuamsha ugonjwa wa akili, hasa kwa vijana. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na kama anakunywa pombe kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, asiache ghafla peke yake nyumbani, kwa sababu anaweza kupata degedege. Hilo linahitaji daktari. Pombe ya mafichoni ndiyo msiiguse kabisa hata kwa kujaribu: mwezi wa tano mwaka 2014 ile yenye methanoli iliua watu wengi Embu, Kitui, Makueni na kwingineko, na waliobaki wengine walipofuka.

Kuhusu ile ndoto yake ya muziki, msimcheke. Mwambie aandike mistari kuhusu vitu anavyovijua: malori ya Garissa yanayopita usiku, mwenye pikipiki anayepiga simu saa kumi na mbili jioni kudai hesabu, mama anayechota maji. Kama ana kipaji, kitaonekana hapo haraka kuliko kwenye gari ambalo hajawahi kulipanda. Kama hana, pia itaonekana, na itakuwa imemgharimu daftari tu. Na asimlipe mtu yeyote pesa za "kumtoa" kabla hajaona maandishi na kuyasoma na mtu mzima. Wapo wengi wanaokula kwa ndoto za vijana wa mashambani.

Mbuzi alipwe. Hapo sina huruma. Shilingi mia kwa mia, kila siku, mkononi mwa mama, mpaka deni liishe. Nawe usimlipie kisiri kutoka kwa akiba yako ya shule kwa sababu unampenda. Ukimlipia, bili ya wimbo imekufikia wewe.

Mama, kama umesomewa haya: weka jembe chini, kaa na huyo kijana, na muombe akupigie wimbo mmoja anaoupenda. Usikilize mpaka mwisho. Na mkiona yamewazidi, NACADA wana nambari ya simu isiyolipiwa, 1192, usiku na mchana. Anayepiga si lazima awe mgonjwa, hata dada wa kidato cha tatu anaruhusiwa. Piga.